Mali bila daftari: Mchanga wa bahari na mkunga asiyevuliwa

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayeuza sukari, chumvi na sabuni bila kuandika anaijua vizuri maana ya msemo huo, hasa pale mwisho wa mwezi unapofika na kukuta rafu ziko tupu na droo nayo iko tupu. Lakini upo mtaji mmoja mkubwa katika pwani ya Afrika Mashariki ambao haumo katika daftari la wengi wanaoutegemea. Mtaji huo ni mchanga ulioko chini ya bahari.

Muulize nahodha yeyote wa ngalawa aieleze bahari ya kwao. Atataja mwamba kwa mwamba na fungu kwa fungu: hapa pana changu, pale pana pweza, kule ng'ambo hupita kolekole wakati wa kusi. Akifika mahali ambapo mwamba wa matumbawe unakwisha na mchanga mweupe unaanza kuteremka kwenda kilindini, atamaliza kwa maneno matatu tu: "Pale hapana kitu."

Hapo ndipo hesabu inapoanza kukosewa. Penye mchanga pana kitu, tena kitu chenye faida, na shahidi wa jambo hilo ni samaki mmoja ambaye hauzwi katika mnada wowote wa pwani hii.

Samaki anayefanana na jani

Mzamiaji anayeshuka taratibu kando ya mwamba huona kwa mbali kitu kama bustani. Majani membamba yamechomoza mchangani, yote yameelekea upande mmoja, yakiyumba na maji. Akisogea karibu majani yale hupungua urefu, moja baada ya jingine, na akifika penyewe haoni hata jani moja. Kumebaki mchanga mtupu wenye vitundu. Yale hayakuwa majani. Walikuwa samaki, na wote wameingia mashimoni.

Huyo ni mkunga. Si yule azalishaye kina mama, bali yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Wataalamu humwita Heteroconger hassi, jina alilopewa mwaka 1959 kwa heshima ya Hans Hass, mpiga mbizi wa Austria aliyejulikana kwa filamu zake za chini ya bahari. Kwa kuwa hana bei sokoni, hapa ataitwa mkunga wa mchangani. Hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Japani na visiwa vya Pasifiki, katika kina cha kati ya mita 7 na 45 hivi, yaani kama pima 4 hadi 25.

Urefu wake hufikia sentimita 40, lakini unene haufiki wa kidole gumba. Ni mweupe mwenye vidoa vidogo vingi vyeusi na mabaka makubwa machache ubavuni. Huchimba shimo kwa mkia, na ngozi yake hutoa ute unaoshikisha chembe za mchanga ili ukuta wa shimo usiporomoke, kama fundi apigavyo plasta kwenye kisima. Akishaingia ni nadra sana kutoka. Nusu ya mwili hubaki chini na nusu huchomoza juu. Hata wakati wa kuzaliana, dume na jike wenye mashimo jirani hunyooshana na kukutana juu ya mchanga huku mikia yao ikiwa bado shimoni. Mayai huelea, na watoto huchukuliwa na mkondo kabla ya kushuka na kuanza maisha mchangani, pengine mbali kabisa na wazazi wao.

Chakula chake ni vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Haendi kuvitafuta. Huelekeza uso kule mkondo unakotoka na kuvidaka kimoja kimoja, akitumia macho yake. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Okinawa, nchini Japani, walimchunguza katika tangi lenye mkondo wa kutengenezwa na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Waliona kuwa mkondo ukiongezeka, mkunga hujishusha na kujipinda ili asisukumwe na maji. Ukizidi nguvu, huacha kula na kuingia shimoni kusubiri.

Kwa ufupi, ni samaki ambaye maisha yake yote yamefungwa na mahali pamoja. Changu akisumbuliwa huogelea kwenda mwamba mwingine. Mkunga wa mchangani hana pa kwenda haraka. Penye kundi kubwa la mikunga hawa, mchanga umetulia, maji ni masafi na mkondo unaleta chakula. Mahali walipokuwepo wengi mwaka jana na mwaka huu hawapo, kuna jambo limetokea ambalo linafaa kuulizwa.

Mkulima analijua jambo hili

Wapo watakaosema mchanga ni mchanga tu. Wakulima wa Unguja hawatasema hivyo. Katika baadhi ya maeneo ya kaskazini ya kisiwa hicho, mahali palipokuwa na minazi na mihogo pamebaki mashimo makubwa baada ya mchanga kuchimbwa na kupakiwa kwenye malori kwenda kujengea nyumba na hoteli. Aliyeuza alipata fedha mara moja. Shamba halikurudi.

Dunia nzima ina kiu ya mchanga. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilieleza katika ripoti ya mwaka 2022 kwamba binadamu hutumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kuwa kati ya tani bilioni 4 na bilioni 8 za mchanga na udongo huchotwa baharini kila mwaka. Miji ya pwani inakua, bandari zinapanuliwa na barabara zinajengwa. Yeyote anayedhani kwamba mchanga ulioko chini ya bahari utaachwa kwa sababu uko majini, anajidanganya.

Na mchanga huo haukai bure. Mkundaji hupekua humo kwa sharubu zake kutafuta chakula. Taa hujifukia humo. Majongoo bahari huishi humo, na kombe pia. Kikande, ambaye huliwa majumbani mengi ya pwani, ni miongoni mwa samaki wanaowawinda hao mikunga. Hata mchanga wenyewe mweupe ambao watalii huusifia umetengenezwa kwa sehemu na pono, anayetafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa yamesagika. Kwa hiyo mwamba na mchanga ni kama jiko na ghala. Anayelinda jiko akaacha ghala libomolewe, atapika kwa siku chache tu.

Bidhaa isiyouzwa mara moja

Swali la mfanyabiashara ni moja: samaki asiyeliwa ana faida gani?

Jibu moja linatoka Tokyo. Jumba la maonyesho ya samaki la Sumida, lililofunguliwa mwaka 2012 chini ya mnara wa Skytree, linafuga mikunga hawa wapatao 300 katika tangi moja. Wajapani huwaita chin-anago. Jumba hilo limeifanya tarehe 11 Novemba kuwa siku yao, kwa sababu tarakimu 1111 zikiandikwa zinafanana na mikunga wanne waliosimama mchangani. Samaki asiyewekwa hata kwenye mizani amepewa sikukuu, na watu hukata tiketi kwenda kumtazama.

Machi 2020 jumba hilo lilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wiki zilivyopita bila wageni, wafanyakazi waligundua kuwa mikunga wameanza kusahau watu. Kila mhudumu akipita, wote wanazama mchangani, na ikawa vigumu kujua kama ni wazima au wagonjwa. Ndipo jumba likaomba umma usaidie. Kuanzia tarehe 3 hadi 5 Mei 2020, skrini ziliwekwa mbele ya tangi, na watu wakapiga simu za video kutoka majumbani kwao wakiwapungia mikono na kuzungumza nao kwa sauti ya chini. Habari hiyo ilitangazwa duniani kote. Samaki mwembamba kuliko kidole gumba alilitangaza jumba lake bila matangazo ya kulipia.

Pwani ya Afrika Mashariki haihitaji tangi wala pampu. Samaki huyu yuko katika maji yake mwenyewe. Chukua hesabu nyepesi. Kapu la samaki likiuzwa mnadani leo, limeuzwa. Kesho litafutwe jingine. Bustani ya mikunga ikioneshwa kwa wageni sita leo, kesho iko palepale, na keshokutwa pia, ilimradi mchanga haujavurugwa. Kila safari inalipa nahodha, mwongozaji, anayejaza mitungi ya hewa na fundi wa mashine. Wageni wakirudi pwani, anapata muuza madafu, mama wa chapati, dobi na kijana wa bodaboda. Hoteli wanakolala inanunua nyanya, mchicha, mayai na maziwa kutoka kwa wakulima ambao huenda hawajawahi kukanyaga baharini.

Ni kweli kwamba wageni wengi hawapandi ndege kwa ajili ya mkunga. Wanafuata kasa, pomboo na rangi za matumbawe. Lakini mwenye genge anajua kuwa mteja anayekuja kununua nyama huondoka pia na vitunguu, na genge lisilo na vitunguu humpoteza mteja wa nyama. Mzamiaji aliyekwisha kuona mwamba mara tatu anataka kuona kitu kingine mara ya nne. Mchanga ndio unaompa sababu ya kubaki siku moja zaidi, na siku hiyo moja ndiyo faida ya mfanyabiashara mdogo.

Wanaotoboa gunia

Mtaji huu unavuja kupitia matundu kadhaa, na karibu yote yametobolewa na watu wanaoutegemea.

La kwanza ni nyavu za kukokota. Sheria za Kenya na za Tanzania bara zinakataza kokoro, lakini bado linavutwa alfajiri katika fukwe nyingi. Kokoro la ufukweni huenda lisimfikie mkunga aliye kilindini, lakini hukwangua mchanga wa maji mafupi pamoja na majani ya bahari wanamokulia samaki wachanga. Nyavu za meli hufika chini zaidi. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilisimamisha meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Malindi na Ungwana baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wavuvi wadogo, ambao walisema nyavu zao zinakatwa na samaki wachanga wanatupwa wakiwa wamekufa. Sakafu ya ghuba ile ni tope na mchanga, hakuna mwamba wa kupendeza. Hata hivyo wavuvi walijua kuwa riziki yao inatoka pale.

La pili ni nanga. Hapa wa kulaumiwa si mvuvi peke yake. Boti ya utalii inayoleta wageni kuona mikunga, kisha ikatupa nanga katikati ya bustani yao na kuiburuta, ni sawa na mganga anayemkanyaga mgonjwa. Ipo dawa rahisi, nayo ni boya la kudumu lililofungwa kwenye kitako cha zege, ambalo boti zote hujifunga hapo badala ya kutupa nanga.

La tatu ni baruti. Nchini Tanzania uvuvi wa baruti ni haramu tangu mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo mingi katika pwani za Tanga, Dar es Salaam na Lindi, hadi msako wa vyombo vya dola katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 ulipoupunguza sana. Mlipuko mmoja huua samaki wa kuuzwa pamoja na wasiouzwa, na humfukuza mzamiaji yeyote aliye karibu. Aliyewahi kusikia mlio huo akiwa chini ya maji hatamshauri rafiki yake aje.

La nne linatoka mbali na bahari, na wenye ufunguo wake ni wakulima. Mto Sabaki unaoingia baharini karibu na Malindi ndio uleule unaoitwa Athi huko juu, ukipitia Ukambani. Mvua kubwa zikinyesha kwenye miteremko isiyo na matuta, udongo mwekundu husafiri mamia ya kilomita na kuyageuza maji ya ghuba kuwa rangi ya chai ya maziwa. Mkulima amepoteza mbolea yake. Mwenye boti amepoteza wageni wake. Viumbe vya baharini vimepoteza mwanga, na samaki anayekamata chakula kwa macho hawezi kuona anachokula. Hasara moja inalipwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuza chochote.

Mwenye njaa naye ana hoja

Haitakuwa haki kumaliza hesabu bila kumsikiliza mvuta kokoro. Hoja yake si ya kubezwa. Atauliza: mkunga huyo si katika viumbe wanaokaribia kutoweka duniani, kwa nini basi atangulizwe mbele ya watoto wangu? Tena atauliza swali gumu zaidi: fedha za hao wazamiaji zinakwenda kwa nani? Kama hoteli ni ya mgeni, boti ni ya mgeni, mwongozaji katoka mji mwingine na samaki wa jikoni wameletwa kwa lori la barafu, kijiji kinachoambiwa kilinde mchanga kinapata nini?

Swali la kwanza lina jibu jepesi. Hakuna anayedai kuwa mkunga wa mchangani yuko mbioni kutoweka. Yeye ni kama taa ndogo kwenye mashine, inayoonesha kama mafuta yapo. Kinacholindwa ni mchanga wenye mkundaji, taa, majongoo na kombe, ambavyo vyote vina bei.

Swali la pili ndilo kiini cha jambo lote. Ulinzi wa bahari unaowaacha wenyeji mikono mitupu haudumu. Utadumu mchana doria ikiwepo, usiku utavunjwa. Mwenye njaa hawezi kuwa mlinzi wa ghala asilo na punje yake humo.

Mifano ya kufanya vizuri ipo, na si ya mbali. Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliona samaki wanazidi kupungua wakakubaliana kufunga eneo la bahari lenye ukubwa wa hekta 30 hivi, lisivuliwe kabisa. Wakaliita tengefu. Hawakuamriwa na mtu kutoka Nairobi. Walikaa, wakabishana, wakaamua. Samaki walirudi ndani ya tengefu, na wageni wakaanza kuja kuogelea na kutazama. Huko Zanzibar, mwamba wa magharibi ya kisiwa cha Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na miongoni mwa walioajiriwa kuulinda walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mtu aliyejua kila tundu la pweza akawa mwalimu wa wageni na wanafunzi.

Kinachofanana katika mifano hiyo miwili ni kwamba mwenyeji yumo ndani. Huko Kuruwitu alikaa kikaoni, huko Chumbe yumo katika orodha ya mishahara. Hakualikwa siku ya kukata utepe tu.

Daftari lifunguliwe

Kwa hiyo nini kifanyike? Hakuna haja ya kusubiri mradi wa wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, vinavyojulikana kama BMU, vimetambuliwa kisheria Tanzania bara kupitia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kenya kupitia kanuni za mwaka 2007. Zanzibar zipo kamati za wavuvi za shehia. Vyombo vipo. Kinachokosekana katika vingi ni daftari.

Kwanza, kila kikundi kiandike mchanga wake kama kinavyojua miamba yake. Wazee na vijana waketi, wachore mahali palipo na mteremko wa mchanga, kina chake, na viumbe wanaoonekana hapo. Vijana wanaofanya kazi na wazamiaji wanajua bustani za mikunga ziko wapi, waulizwe. Kitu kilichoandikwa ni vigumu kuuzwa gizani. Siku atakapokuja mtu na karatasi ya kuomba kuchota mchanga, kijiji hakitasema "pale hapana kitu." Kitafungua daftari.

Pili, boti za utalii zilipie mahali zinapopeleka wageni, na malipo hayo yasomwe hadharani. Ada ndogo kwa kila mzamiaji, ikiingia kwenye akaunti ya kikundi na mapato na matumizi yakabandikwa ubaoni kila mwezi, ina nguvu kuliko mabango mia ya kuhimiza uhifadhi. Ada ya kwanza ifunge maboya. Zinazofuata ziende kule wanakijiji watakakokubaliana, iwe zahanati, dawati la shule au mkopo wa nyavu halali kwa aliyeacha kokoro.

Tatu, nafasi za uongozaji wa wazamiaji zitafutiwe vijana wa hapohapo. Kijana anayejua kumsogelea mkunga taratibu, bila kupiga kelele wala kutimua mchanga, anauza ujuzi ambao hauhitaji ghala. Mgeni aliyeoneshwa bustani ile ikiwa imesimama wima atamlipa tena. Mgeni aliyepelekwa kwa papara ataona vitundu tu, na ataandika hivyo kwa wenzake.

Nne, wakulima wa mabondeni na milimani wahesabiwe kuwa wadau wa bahari. Matuta, majani ya kulishia ng'ombe yaliyopandwa kwenye kingo na miti kando ya mito ni kinga ya shamba kwanza na bahari baadaye. Serikali za kaunti na halmashauri zinazokusanya kodi za hoteli pwani zina sababu ya kibiashara ya kusaidia matuta huko juu.

Akiba ya shimoni

Limebaki onyo moja, maana biashara ya wageni nayo ina kusi na kaskazi zake. Mwaka 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa kuanzia Machi hadi Agosti, na Zanzibar fukwe zilikuwa tupu kwa miezi. Waliokuwa wameuza nyavu zao ili wanunue vinyago vya kuuza waliadhirika. Wale waliobaki na kamba zao za mwani, bustani ya mboga au kisanduku cha VICOBA, walipumua.

Hapo mkunga wa mchangani hana haja ya kufundishwa. Hula kwa nguvu mkondo ukiwa mzuri, hujishusha ukikaza, na ukizidi huingia katika shimo alilolijenga mapema wakati wa utulivu. Mfanyabiashara mdogo wa pwani naye ahesabu wageni kama mkondo: aelekee unakotoka, achukue chake, lakini shimo la akiba liwe limechimbwa kabla. Aliyefunga duka lake la mboga kwa sababu ya msimu mmoja mzuri wa watalii ameacha mbachao kwa msala upitao.

Mchanga ule mweupe unaoteremka kilindini utaendelea kuonekana mtupu kwa anayepita juu yake kwa mashua. Hautapiga kelele ukikokotwa, wala hautaandamana ukichotwa. Mikunga wataingia mashimoni, na mashimo yenyewe yatakwenda na mchanga. Kama hakuna aliyekuwa ameandika kwamba walikuwepo, hakutakuwa na wa kudai, wa kudaiwa, wala wa kulipa. Kikundi chochote cha wavuvi kinaweza kuzuia hilo wiki hii, kwa daftari la shule na kalamu ya bei ya andazi.